Nyumba kwa Jina la Kavindu

Mlango ndio uliomkwaza Kathini kwanza. Jioni moja ya Agosti alirudi kutoka kwenye kibanda chake cha ushonaji sokoni, mjini Wote, akapita nyuma ya nyumba kuona mjengo umefika wapi, akakuta mafundi wameacha nafasi ya mlango upande wa nyuma kabisa, ukitazama ua wa michongoma. Kati ya kizingiti na ile miiba, watu wawili wasingeweza kupishana.

"Musyimi," alimwita fundi, aliyekuwa ameinama akiosha mwiko wake kwenye ndoo, "huu mlango si umegeuka?"

"Hata mimi niliuliza, Mama Kasiva."

"Na ukaambiwa nini?"

"Mzee wako alisema ukae hivyo hivyo." Musyimi hakuwa mtu wa maneno mengi. Kuta zake zilijulikana Wote nzima kwa kunyooka, na hilo lilimtosha. "Nikamwambia, mama mzee mwenye shida ya magoti atapitaje huku? Akaniambia nijenge."

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo: chumba kimoja cha kulala, sebule ya kukaa watu wanne, na choo. Ilisimama kwenye kipande cha ploti kilichobaki nyuma ya nyumba kubwa, pale Kathini alipokuwa akipanda sukuma wiki. Wazo lilikuwa la mumewe, Muindi. Alikuwa ameendesha malori ya barabara ya Mombasa kwa miaka kumi na minane, na Januari aliacha kazi ghafla, akarudi nyumbani akakaa. Julai akasema anataka kumjengea mamake, Kavindu, aliyekuwa akiishi peke yake Kikima, huko juu kwenye milima ya Mbooni ambako baridi ilikuwa ikimla magoti. Kathini alifurahi. Alimpenda mama mkwe wake kuliko wengi wanavyowapenda wa kwao, na sukuma wiki zingepandwa kwingine.

Aliomba kitu kimoja tu. Dirisha moja litazame jikoni kwake, ili akimwita mama aje anywe chai, asikie. Muindi akakataa. Upande wa nyumba kubwa hautakuwa na dirisha wala tundu la hewa.

"Kwa nini, Baba Kasiva?"

"Mama anapenda utulivu."

Kavindu, mwanamke asiyeweza kumaliza kikombe cha uji bila kumwita mpita njia kwa jina na kumuuliza hali ya mbuzi wake. Kathini hakubisha. Alilichukua lile jibu akaliweka mahali ndani yake, kama mtu anavyoficha sindano kwenye pindo la nguo akijua ataihitaji.

Wiki iliyofuata Muindi alimletea kitambaa cha pazia. Kilikuwa kizito, cha zambarau iliyokaribia weusi, na vipimo alikuwa navyo kichwani tayari.

"Ni cha mlango wa chumba cha kulala," alisema. "Mama hataki mlango wa mbao hapo. Pazia tu."

Kathini alikishona. Binti yao, Kasiva, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na aliyekuwa akisaidia kibandani huku akingoja nafasi ya chuo, alikishika akakinusa.

"Mama, hiki kinanukia udi."

"Kimekaa dukani."

"Udi wa mtu," Kasiva akasema. "Si wa duka."

Hilo Kathini alikuwa ameshaliona. Kitambaa kilinukia kama kimetoka kwenye sanduku la mwanamke, na mwanamume hamchagulii mamake kitambaa cha namna ile. Watu walikuwa wakisema madereva wa masafa marefu wana nyumba kila kituo. Kwa miaka kumi na minane Kathini hakuyajali maneno hayo. Sasa aliyajali. Mlango unaotazama miiba ni mlango wa mtu asiyetaka kuonekana akiingia. Ukuta usio na dirisha ni wa mtu asiyetaka kumwona mke mkubwa akipika. Alipiga hesabu hiyo polepole, akikanyaga cherehani, na kila alivyoipiga ilitoa jibu lile lile.

Siku ya Alhamisi Musyimi alikuja kibandani, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Alisimama kando hadi mteja akaondoka.

"Mama Kasiva, kama mmeleta fundi mwingine, mniambie tu. Mimi sitakasirika."

"Fundi gani?"

"Huyo anayekuja mchana." Aliinamisha kichwa. "Saa saba tunaenda kula. Saa nane tukirudi, ukuta umepanda. Jumanne tuliacha kozi ya tisa ya matofali, tukakuta kumi na moja. Leo tuliacha kumi na nne, tukakuta linta ya juu ya mlango imeshaanza kujengewa. Nikadhani ni vijana wangu wananifanyia mzaha, nikaenda nao kula meza moja. Kila mmoja alikuwa mbele yangu."

"Na kazi yake ni mbaya?"

Fundi akapangusa mikono kwenye suruali. Ilikuwa vigumu kwake kulisema. "Ni nzuri kuliko yangu. Lakini hatumii mwiko."

Kathini alimwachia Kasiva kibanda, akafuatana naye. Jua la Wote lilikuwa kali, mbwa wamelala chini ya magari, na mvua haikuwa imenyesha tangu Mei. Musyimi alimpeleka ndani ya nyumba ile isiyo na paa bado, akamwonyesha ukuta wa chumba cha kulala. Simiti kati ya matofali ilikuwa imelainishwa kwa kiganja. Alama zilikuwepo, moja baada ya nyingine, safi. Kathini aliinua mkono wake akaulinganisha na alama moja, na ndipo alipoona kwamba vidole vyote vya mkono ulioacha alama, kuanzia cha gumba hadi cha mwisho, vilikuwa na urefu mmoja.

Simiti ilikuwa bado mbichi na baridi. Na ndani ya kuta zile nne, chini ya anga tupu, mlinukia mvua ya kwanza, ile harufu ya vumbi linalopokea tone baada ya miezi ya ukame, ambayo mtu wa Ukambani akiinusa huacha anachofanya akatoka nje kuangalia mawingu. Kathini aliangalia juu. Hakukuwa na wingu hata moja.

"Umemwambia mzee?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilimwambia. Akasema mradi nyumba inaisha."

Kathini alikuwa mwepesi kuamini kwamba kuna mwanamke na mzito kuamini kwamba kuna kitu kingine. Njiani akirudi kibandani alijiambia kwamba vijana wa siku hizi hawakosi ujanja, na kwamba vidole hubadilika umbo kwenye simiti. Hata hivyo Jumamosi alipanda hadi Kikima.

Alimkuta Kavindu uani kwake, akipeta maharagwe, shuka mbili zimefungwa kiunoni kwa ajili ya ukungu. Walisalimiana, wakanywa chai, wakaongea habari za kanisa. Kisha Kathini akasema, kama mtu anayegusia jambo la kawaida, kwamba nyumba inakaribia kuezekwa.

"Nyumba gani?"

"Yako, mwaitu, mama yangu. Ile ya Wote."

Kavindu akaweka ungo chini. "Muindi aliniuliza mwaka juzi kama nitahamia Wote. Nikamwambia mimi sitaacha kilima changu nikakaangwe kama mahindi. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena." Alimtazama mkaza mwana wake kwa muda. "Anajenga kwa jina langu?"

"Kila mtu anajua ni yako. Fundi anajua. Majirani wanajua. Aliitangaza hata kanisani, akaombewa."

"Basi ana mtu," Kavindu alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni bila mshangao. "Mwanangu hakuwa hivyo. Nenda ukamwone huyo mtu kwa macho yako, mwanangu, kabla hujapiga kelele. Kelele ikitangulia, watu hujificha."

Kathini alifanya kama alivyoambiwa. Alingoja wiki nzima. Mabati yalipandishwa, sakafu ikamwagwa, pazia likatundikwa. Musyimi alisema sakafu ya chumba cha kulala inakataa kukauka, na kwamba tangi la lita elfu tano kando ya nyumba hukauka kila mchana ilhali hakuna anayefungua mfereji. Yeye na vijana wake hawakuthubutu kubaki pale mchana. Ikifika saa saba walitoka wote pamoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho.

Jumatano, saa saba kasoro, Kathini alitoka kibandani akapitia kwa jirani, akainama mahali ambapo michongoma ilikuwa imekauka. Kutoka pale aliuona mlango wa nyumba ndogo, hatua sita kando yake. Muindi alikuwa ameketi nje juu ya ndoo iliyogeuzwa, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Bado plasta," alikuwa akisema. "Wiki mbili. Nilisema wiki mbili."

Akanyamaza, akisikiliza. Kathini hakusikia kitu.

"Hapana. Mle hapana. Tulikubaliana ni huku." Akageuza uso upande wa nyumba kubwa, akapangusa shingo kwa kofia. "Yeye hajui lolote. Tafadhali. Mle hapana."

Baadaye aliinuka, akachukua mitungi miwili, akaenda kutafuta maji. Kathini alijipenyeza kwenye miiba bila kujali inavyomchana. Hakuwa amekusudia matusi. Alitaka kumwona huyo mwanamke uso wake, amjue umri wake, kisha aende zake akafikirie. Alifika kizingitini na, kwa mazoea tu, akabisha.

"Hodi."

"Karibu, dada mkubwa."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Ilikuwa ya kike, ya chini, nayo ilisema Kikamba cha Mbooni, kile kile cha nyumbani kwao Muindi, bila kosa. Moyo wa Kathini ukapiga kwa hasira kabla haujapiga kwa woga. Kumbe ni msichana wa huko huko.

"Toka nikuone."

"Nyumba haijaisha. Mtu hatoki kwenye nyumba isiyoisha."

"Wewe ni nani?"

"Ni wa huyu. Kama wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu barabarani."

Kathini akaingia hatua moja sebuleni, na nyayo zake zikatua kwenye unyevu. Pindo la pazia, ambalo alilishona kwa mkono wake mwenyewe, lilikuwa juu kidogo ya sakafu, na alipoinamisha macho ili aone miguu ya huyo mwanamke, aone kama amevaa viatu au yuko pekupeku kama mtu aliye kwake, aliona sakafu iliyolowa ikimeta, akaona ukuta wa mbali, akaona mwanga wa dirisha la upande wa pili, na hakuona miguu, ingawa sauti ilikuwa karibu kiasi kwamba kitambaa, usawa wa uso wake hasa, kilikuwa kikivutwa ndani na kusukumwa nje, ndani na nje, polepole, kama kinavyofanya kitambaa kilichowekwa mdomoni mwa mtu anayepumua.

Alinyoosha mkono nyuma akautafuta mlango.

"Usiogope," sauti ikasema, na ilikuwa na upole ambao ulimtisha kuliko chochote. "Mimi nilitaka nyumba tu. Ni yeye aliyetaja mtu."

"Mtu gani?" Kathini alishangaa kusikia kwamba ndiye aliyeuliza.

"Chuma kilikuwa kimemlalia kifuani. Nikamuuliza, nikikutoa hapa, utanipa nini cha nyumbani kwako? Akataja jina, upesi, hata sikumaliza kuuliza. Nikakataa. Mtu huisha, dada mkubwa. Nyumba hukaa."

"Alitaja jina la nani?"

Pazia likafura taratibu, kama kwamba aliye nyuma yake ameegemea mbele ili kunong'ona. Harufu ya mvua ikajaa puani mwake. "Hilo," sauti ikasema, "muulize mwenye mdomo."

Muindi alimkuta jikoni, ameketi sakafuni, mikono imechanwa na miiba. Hakuhitaji kuambiwa. Aliweka mitungi chini akaketi mbele yake, akamweleza yote kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikika hadi nyuma ya nyumba.

Ilikuwa miaka mitatu nyuma, mbele kidogo ya Mtito Andei. Lori lilipinduka, usukani ukamkandamiza, na mafuta yalikuwa yakidondoka. Magari hayakusimama. Akaja mwanamke kutoka vichakani, amevaa leso kavu ingawa ilikuwa ikinyesha, akakiinua kile chuma kwa mkono mmoja. Alimwomba mahali nyumbani kwake. Muindi akaahidi, kwa kuwa mtu anayekufa huahidi chochote. Akapona, akanyamaza, akaendelea na kazi. Kisha Desemba iliyopita alianza kumwona kando ya barabara, kila safari, na kila safari akiwa amesogea karibu na Wote.

"Ndiyo maana niliacha kazi. Nikadhani nisipopita, hatanifikia. Julai alikuja hapa mlangoni. Alitaka kuingia humu ndani mwetu, Mama Kasiva. Nikamwomba nimjengee huko nje. Hayo yote nimefanya ili asiingie humu."

Kathini alimtazama. Kwa muda alimhurumia, na angemshika mkono.

"Na jina ulilotaja?"

"Sikutaja mtu," Muindi alisema. Alilisema upesi, hata swali halijaisha.

Mkono wa Kathini ukabaki mapajani.

Kesho yake alirudi Kikima, akamsimulia mama mkwe wake yote. Alikuwa amewaza kwenda kwa mchungaji, na alimwambia Kavindu hivyo, lakini yule mama alitikisa kichwa.

"Mchungaji ataomba, na kitatoka. Kitatoka kiende wapi? Nyumba tupu isiyo na mwenyewe kitairudia kesho." Aliinuka kwa shida, akaingia jikoni kwake, akaanza kung'oa mafiga matatu yaliyokuwa yamekaa mahali pale tangu alipoolewa. "Mimi nimeokoka miaka arobaini, mwanangu. Lakini nilizaliwa kabla sijaokoka, na mama yangu alikuwa akifanya kazi yake ya uganga mbele ya macho yangu. Nilijua siku moja Mungu ataniuliza kwa nini nilikumbuka. Nitamjibu."

Jumatatu saa sita mchana Kavindu alifika Wote na mafiga yake ndani ya gunia. Kasiva aliachwa kibandani na kuambiwa asirudi hadi aitwe. Muindi aliamriwa na mamake aketi kando ya tangi na asifungue mdomo. "Mdomo wako umetosha," alimwambia. Kisha akamwita Musyimi.

"Fundi, wewe unaweza kufungua mlango upande huu wa jikoni, na kuziba ule wa nyuma, mara moja?"

"Kufungua ni saa moja. Kuziba ni saa moja."

"Hutaweza kwenda kula."

Musyimi alielewa. Uso wake ulibadilika rangi, lakini hakukataa. Labda alitaka, kwa mara moja, kuona ni nani aliyekuwa akimshinda kazi.

Kavindu aliingia kwa mlango wa nyuma, akapanga mafiga katikati ya sebule, akawasha moto wa kuni kwenye sakafu mpya, akaketi akilipa pazia mgongo. Kathini aliketi karibu naye kwa sababu aliambiwa aketi. Nje, nyundo ya Musyimi ilianza kugonga ukuta.

Saa saba ilipofika, harufu ya mvua ikaja, na moshi wa moto ukalala chini kama umekanyagwa.

"Mama amekuja kutembea," sauti ikasema nyuma yao.

"Sikuja kutembea," Kavindu akajibu bila kugeuka. Aliongea kwa adabu, kama mtu anayeongea na mgeni aliyekalia kiti cha mwingine. "Nimekuja kwangu. Nyumba hii ilianzwa kwa jina langu. Mwanangu alimwambia mke wake ni yangu, akamwambia fundi, akalisema kanisani na watu wakaitikia. Msingi ulichimbwa kwa jina hilo. Wewe uliweka matofali kwenye nyumba ya Kavindu, nami nakushukuru kwa kazi yako. Ni nzuri. Sasa mwenyewe amefika, moto umewashwa, na mafiga ni yangu."

"Niliahidiwa."

"Uliahidiwa na asiye na nyumba."

Kathini alisikia kiganja kikipapasa ukuta ndani ya chumba, kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, kama cha fundi anayekagua kazi yake, na maji yakaanza kutoka chini ya pazia, kidogo kwanza, kisha mengi, yakienea kuelekea kwenye moto, baridi kiasi cha kuumiza vifundo vya miguu, na Kavindu akawa akichochea kuni kwa mkono mmoja na kushika mkono wa Kathini kwa mwingine, akirudia jina lake mwenyewe na jina la mumewe marehemu na majina ya watoto aliowazaa, mmoja mmoja, kwa sauti ile ile isiyopanda, hadi tofali la kwanza la upande wa jikoni likaanguka ndani na jua likaingia kupitia tundu lile, likatua moja kwa moja juu ya mafiga.

Pazia likang'oka. Halikuanguka. Lilipita juu ya vichwa vyao likiwa limejaa, kama lina mtu, likatoka kwa mlango wa nyuma, na michongoma ikalia kwa urefu wa ua mzima.

"Ziba," Kavindu akasema.

Musyimi akazunguka mbio na matofali yake. Baadaye aliwaambia watu kwamba hajawahi kujenga vibaya namna ile maishani mwake, kozi zimepinda kama meno ya mzee, na kwamba alipoweka tofali la mwisho alisikia upande wa nje mtu akilipapasa mara moja, taratibu, kisha akaacha.

Sakafu ilikauka siku ile ile. Kavindu hakurudi Kikima. Alisema nyumba isiyolaliwa haina mwenyewe, akaagiza nguo zake na kuku wake, akaanza kuwaita wapita njia wa Wote kwa majina. Novemba mvua ikanyesha, ndengu zikaota, na Muindi akaanza kunenepa tena. Wageni waliokuja walisema nyumba ile ya uani imependeza, ila ule ukuta wa nyuma.

Kathini alimuuliza mumewe mara mbili tena. Mara ya kwanza alisema hakutaja mtu. Mara ya pili alisema alijitaja mwenyewe. Alimwendea Kavindu akamuuliza kama majini husema uongo.

"Husema kweli," Kavindu alijibu, "ile inayoumiza." Akaendelea kuchambua mchele na hakuinua macho.

Kathini akaamua kuyaacha. Mtu hawezi kuishi akimpeleleza anayelala naye. Aliyaacha Desemba yote, na akaenda Mombasa kwenye arusi ya mtoto wa dadake, na Muindi ndiye aliyembebea begi hadi stendi, akamwambia asalimie watu.

Januari mwishoni Kasiva aliingia jikoni wakati wa chai ya jioni, simu mkononi, akitabasamu. Alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi, kule Voi, kwenye barabara ya Mombasa.

"Voi hapana," Muindi akasema.

"Kwa nini, baba? Ndicho nilichoomba."

"Kuna vyuo Machakos. Kuna Kitui. Ile barabara hutaipita."

"Kila mtu anaipita. Mama ameipita mwezi uliopita."

"Mama yako si neno!" Ilimtoka kwa sauti ambayo Kasiva hakuwa amewahi kuisikia. Kikombe kilikuwa kimeinama mkononi mwake, chai ikimwagikia vidole, na hakukiweka chini. "Wengine wapite. Wewe hutapita pale. Wewe akikuona..."

Kathini alikuwa amesimama kando ya jiko. Alimtazama mumewe, na Muindi akainua macho akaona anavyotazamwa, akayateremsha. Kasiva aliangalia mmoja, akaangalia mwingine, bila kuelewa.

Kathini hakuhitaji tena kuuliza ni jina gani lililotajwa. Alizima jiko. Akaingia chumbani akakunja blanketi zake, akaenda chumba cha Kasiva akakunja na za kwake, akamwambia binti yake abebe mto. Wakatoka kwa mlango wa jikoni, wakavuka ule uwanja mdogo, na jua lilikuwa halijatua bado.

Kavindu alikuwa kwenye moto wake. Aliwaona wamesimama mlangoni na matandiko, akaangalia uso wa Kathini, kisha akaangalia kwa muda mrefu uso wa mjukuu wake. Alisogeza kigoda, akavuta mkeka.

Walikuwa wameketi hivyo, hawajaanza hata kuongea, waliposikia sauti ya Muindi kutoka nyumba kubwa. Alikuwa peke yake mle. Alikuwa akiongea chini chini, akiomba, kisha akinyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza, kisha akiomba tena.

"Mle hapana," walimsikia akisema, na baada ya kimya kirefu, kwa sauti iliyochoka, "Basi. Karibu."

Kavindu aliinuka na magoti yake mabovu. Alisimama kizingitini akiiangalia nyumba ya mwanawe. Kisha akafunga mlango, akatia komeo, akarudi akaongeza kuni.